Sponji Nyeupe ya Baba

Samaki wa baba yangu walikufa kwa baridi. Ilikuwa Juni, na Juni ya Mbeya haina utani. Umeme ulikatika jioni ukarudi asubuhi, na ile hita iliyokuwa ikiwapashia maji ikazimika pamoja na taa. Nilipofungua pazia la sebuleni niliwakuta wanaelea kwenye tangi lao la kioo, matumbo juu, na baba ameshajikokota hadi kwenye kochi lake anawatazama.

"Umewaua," alisema.

Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na alichokipenda kuliko masomo yote ni ukaguzi wa usafi. Tulipanga mstari, mikono mbele, akaangalia kucha, masikio, kola, fimbo kwapani. Nilisoma shule hiyo hiyo, na ile fimbo haikujua undugu. Kiharusi kilipomchukua mkono na mguu wa kulia, mdomo kiliuacha mzima kabisa. Kaka yangu anaishi Iringa na mke wake. Mimi ndoa yangu ilikuwa imevunjika, nimerudi nyumbani, basi kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani ikawa kazi yangu. Wageni wakija, nikiwa nimeshika sinia la chai mbele yao, baba alikuwa akisema, "Huyu karudishwa kama chupa ya soda." Nao wanacheka, maana mwenye nyumba amecheka.

Pamoja na hayo yote, nilitaka kitu kimoja kutoka kwake: aniambie nimefanya vizuri. Watoto wa wenzake aliwaambia hivyo mbele ya shule nzima. Mimi siku niliyoongoza darasa aliniuliza kwa nini soksi yangu moja imeshuka. Sasa lile tangi la samaki ndilo lilikuwa kitu pekee alichobaki anakipenda, nikajisemea, hapa ndipo nitakapompata.

Nikawaopoa maiti kwa chujio la chai, nikawazika chini ya migomba. Nikanyonya maji machafu kwa mpira hadi yakanifika mdomoni. Mawe nikayachemsha, vioo nikavisugua, na baba kwenye kochi ananiongoza kwa mkono wake wa kushoto: pale, pale kwenye kona, huoni? Mwisho nikatoa sponji ya ndani ya filta, kile kifaa kinachochuja maji. Ilikuwa ya kahawia, inateleza kama bamia.

"Fua," alisema.

Nikaifua kwa sabuni ya unga na maji ya bomba hadi ikawa nyeupe. Akaikamua, akainusa, akanirudishia. Nikaenda Mbalizi kununua samaki wengine, wadogo, wa rangi ya machungwa, nikawatia siku hiyo hiyo kwa sababu alitaka kuwaona. Haikupita wiki wakaanza kuja juu ya maji, midomo wazi, wanatafuta hewa. Wakafa wote, mmoja mmoja, baba akihesabu kwa sauti.

"Ndoa ilikushinda," alisema. "Samaki ungewaweza wapi?"

Nililia bafuni, sitaficha. Halafu nikachukua simu nikasoma. Kumbe ule ute wa kahawia ndio uzima wa tangi. Ndani yake mna vijidudu visivyoonekana vinavyokula sumu ya mkojo wa samaki, nami nilikuwa nimeviua vyote kwa sabuni. Maji ya bomba nayo yana dawa, yanatakiwa yalale kwanza kwenye ndoo. Nikaja kumweleza baba, taratibu, kama mtu anayempelekea mwenzake habari njema.

"Uchafu ni uchafu," alijibu. "Kafue sponji."

Hapo ndipo nilipoamua. Nilinunua sponji mbili. Moja niliiweka ndani ya filta, na sikuigusa kwa sabuni kamwe. Nyingine ilikaa kabatini, na kila Jumatatu niliilowesha bombani nikampelekea baba kwenye sahani, nyeupe kabisa, akaikamua na kuinusa.

Maji nikayalaza kwenye ndoo, nikajaza tangi, nikawasha filta, na hakukuwa na samaki. Kwa wiki kadhaa nilitupia punje chache za chakula kwenye maji matupu, ili vile vijidudu vizaliane. Baba aliita majirani waje kuona.

"Jamani, binti yangu anafuga maji. Njooni mumwone anavyoyalisha."

Wakaja, wakacheka. Mama mmoja aliniuliza kama maji yanakaribia kuzaa. Nilimwambia yatazaa kabla ya mkwe wake, na hilo lilimnyamazisha.

Nilipowaweka samaki, waliishi. Waliishi, wakanenepa, wakataga, na vitoto vyao vikawa vinajificha kwenye mawe. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga, naimba nikipika. Baba aliwaonyesha wageni kwa kidole. "Mnaona? Usafi." Nilisimama na sinia langu nikisubiri aongeze neno. Hakuongeza.

Krismasi kaka akaja na gari lake. Siku ya kuondoka, baba akamwambia, mbele yangu, "Chukua hawa samaki. Chukua na tangi. Huku hakuna wa kuwatunza."

Nilimfungia kaka ile sponji ya kahawia kwenye mfuko na maji yake, nikamsihi: hii msiifue, nakuomba kaka, chochote mtakachofanya msiifue. Akasema sawa, dada, nimeelewa.

Baada ya siku chache akapiga simu. Samaki wamekufa wote. Mke wake aliona sponji inanuka, akaifua.

Baba, akiwa amelala kitandani, aliomba simu iwekwe kwenye spika. "Aliifua vizuri?"

"Ndiyo baba. Hadi ikawa nyeupe."

"Basi mwambie mkeo amefanya vizuri."

Nikakata ile simu kaka akiwa bado anaongea. Nilimwambia baba kila kitu: sponji ya kabatini, sponji ya kahawia, kwamba samaki wake waliishi kwa sababu nilikataa kumtii, na kwamba kila Jumatatu alikagua uongo.

Alinisikiliza hadi mwisho. Hakushtuka hata kidogo.

"Najua," alisema. "Ile sponji ilikuwa inanukia bomba. Haikunukia samaki hata siku moja."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu ya kwanza."

"Na ulijua ndiyo maana wanaishi?"

"Nilikuwa nawaona," alisema. "Kila nikiwatazama naona wewe umepata na mimi nimekosa. Ningekaa nao vipi?"

Kisha akaniomba nimgeuze, maana upande aliolalia ulikuwa unamuuma. Nilimwacha hivyo hivyo.