Fulana Niliyoifua

Jirani yangu wa mlango wa pili kule Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, alikuwa na gari, na mimi nilikuwa na zamu za alfajiri katika nyumba ya wazee. Hapo ndipo mwanangu alipoanza kuniponyoka. Alikuwa ndio kwanza ameanza shule. Jirani, Mswidi, alikuwa na mtoto wa rika la mwanangu anayecheza magongo ya barafuni, akaniuliza kama wangu naye angependa kujaribu. Nikasema mchukue. Nilidhani ni mchezo wa majira ya baridi tu, utapita kama mafua.

Haukupita. Mtoto wa jirani aliacha, akapenda gitaa. Wangu akaendelea, na jirani akaendelea naye. Hebu nisikilizeni hapo: mwanawe kaacha, lakini yeye bado anaamka gizani kumpeleka wangu! Alijua kukaza kamba za vile viatu vya vyuma, alijua vyuma vinolewe lini. Jumapili mimi niko kanisani mtaa wa Rågsved na Warundi na Wakenya wenzangu, yeye yuko uwanjani anampigia mwanangu makofi. Siku niliyokwenda mimi, kocha aliniamkia kwa adabu, akaniuliza kama mimi ni shangazi yake kutoka Afrika. Wote pale waliamini kwamba jirani amemuasili. Nilitabasamu, lakini moyo ulikuwa unatokota. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi ndiye niliyezaa.

Alipokua, akapewa mkataba na timu kubwa ya hapahapa Stockholm, mshambuliaji wa pembeni mwenye mbio za ajabu, hata watu wakaanza kumtambua kwenye treni. Wenzangu kanisani wakanipongeza, nikazipokea pongezi kwa mikono miwili. Kisha akafunga bao lake la kwanza, na kwa desturi yao, kile kidude cheusi wanachokipiga akapewa akitunze. Akampa jirani. Nilikiona kwenye rafu ya sebule yake, karibu na picha za wanawe, nikanywa kahawa yake yote bila kukumbuka kutia sukari. Msinihubirie habari za shukrani. Najua alistahili. Kule kustahili kwake ndiko kulikoniuma.

Msimu mmoja, mechi za mtoano zikiwa zimepamba moto, mabomba ya jengo alilohamia mwanangu yakawa yanabadilishwa, akaja kulala kwangu. Nilifurahi, jamani! Nilipika ugali na sukuma wiki, nikatandika shuka mpya. Ndani ya begi lake nikakuta fulana ya ndani inanuka kama beberu aliyenyeshewa. Nikasema, leo nitaonekana mama. Nilikuwa na zamu yangu ya kufua kwenye chumba cha kufulia cha wapangaji wote kule chini ya jengo, nikaifua, nikairudia, nikaipiga pasi mpaka ikang'aa. Nikaikunja, nikaiweka juu ya mto wake.

Alipoiona, aliinusa, akairudisha juu ya mto. Hakunikemea, na laiti angenikemea. Alitoka akaenda kwa jirani, nikawasikia wakiongea chinichini mlangoni. Baadaye jirani akaja, na ule upole wake unaoudhi, kunieleza kwamba wachezaji wana miiko yao: timu ikiwa inashinda, nguo haifuliwi mpaka siku itakayoshindwa. Yeye alikuwa anayajua hayo miaka na miaka. Nikamwambia kwetu mtoto anayenuka ni aibu ya mama yake.

"Naelewa," akasema, "lakini kwake ni tofauti."

Kwake! Nasimuliwa mwanangu mwenyewe, mlangoni pangu, na sabuni bado inaninukia mikononi. Nilimshukuru nikafunga mlango, wala si taratibu.

Kesho yake walicheza mchana. Nilikuwa kazini, namlisha bibi mmoja uji, simu ikalia. Jirani. Mwanangu alikuwa amebamizwa kwenye ukuta wa uwanja, kaumia kichwa, kapelekwa hospitali. Watu wa timu walimpigia yeye kwanza, kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye fomu za mwanangu tangu utotoni ni ya jirani. Ndani ya treni niliomba Mungu njia nzima, na katikati ya sala nikajikuta nanung'unika, yeye kwanza, kila kitu yeye kwanza.

Nilimkuta jirani ameketi kando ya kitanda, kwenye kiti pekee kilichokuwamo, koti la mwanangu mapajani. Aliinuka akanipisha. Nikakaa bila hata asante. Alininong'oneza kwamba daktari amesema atapona, ila bado amevurugika, asisemeshwe sana. Hata hayo ilibidi niyasikie kwake.

Tangu anaanza shule mwanangu alikuwa akinijibu kwa Kiswidi, hata nikimwita kula. Siku ile alifumbua macho polepole, yakampita jirani, yakanifikia. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto mdogo:

"Mama, usiende kazini leo."

Nikaushika mkono wake. Jirani akainama juu ya bega langu, macho yamemlowa, akauliza amesema nini. Nikamvutia mwanangu blanketi. Akauliza tena, safari hii akinisihi.

"Anaongea na mimi," nikamwambia.