Chujio Moja kwa Matangi Matano

Fundi saa alistaafu vidole vyake vilipoanza kutetemeka, na macho yaliyozoea vitu vidogo akayahamishia kwa samaki. Alikuwa na matangi matano ya vioo kwenye chumba cha nyuma, kila moja na sponji yake ya kuchuja maji na pampu yake ndogo ya hewa. Mkewe alizoea kuwaambia wageni kwamba mumewe ana wake sita, na yeye ndiye wa sita.

Kisha shemeji yake, kaka wa mke, fundi bomba, akafukuzwa alikopanga. Akaja na begi lake, akawa analala sebuleni kwenye kochi. Mwezi wa pili kochi likamchosha.

"Mzee, pampu tano za nini? Nikufungie chujio moja kubwa, mabomba yapite matangi yote. Maji yanazunguka yenyewe, wewe umekaa."

Fundi saa akaenda kuuliza duka la samaki wa kufuga. Mama muuzaji hakumung'unya maneno.

"Chujio moja ni rahisi kusafisha. Lakini maji yakiwa mamoja, ugonjwa nao ni mmoja. Tangi moja likiugua, yameugua yote. Acha kila moja na lake."

Mezani akawaeleza neno kwa neno. Shemeji alisikiliza huku akitafuna.

"Anataka uendelee kumnunulia sponji," akasema. "Huyo anakufuga wewe."

Mke akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Sakafu ya chumba kile haijawahi kukauka. Mara hii tu, msikilize mtu anayejua maji."

Mzee aliona haya kubishana nyumbani kwake mwenyewe. Akakubali. Shemeji akafanya kazi safi, hilo halina ubishi: mabomba yamenyooka, hakuna tone lililovuja.

Wiki ya nne mzee alitoka kliniki akakuta samaki watatu wageni kwenye tangi la kwanza.

"Zawadi," akasema shemeji.

Mzee akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru. Siku ya tatu madoa meupe kama chembe za chumvi yakatokea mapezini. Siku ya nne yalikuwa kwenye matangi yote. Akazima chujio, akatia dawa, akabeba ndoo mpaka mgongo ukagoma. Kufikia Jumapili alikuwa anaopoa samaki waliokufa kwa wavu, mmoja wao akiwa amekaa naye miaka tisa. Shemeji alisimama mlangoni.

"Hao hata chumvi hawahitaji. Wamejipaka wenyewe."

Mke alicheka tena.

Mzee akarudi dukani kuuliza amekosea wapi.

"Wale watatu wa beseni la pembeni?" mama muuzaji akashangaa. "Nilimwambia shemeji yako ni wagonjwa, nawatupa. Akasema ndio hao hao anaowataka. Nikadhani ni wa paka."

Nyumbani alikuta matangi yamewekwa nje uani na kitanda kimeingizwa chumba cha nyuma. Mke alikuwa anatandika.

"Ulijua?" akamuuliza.

Mke akanyoosha kona ya shuka. "Mtu mzima atalala kwenye kochi mpaka lini? Ungempa chumba mwenyewe, yasingefika huku."

"Hakuniomba."

"Ungekataa."

Ni kweli angekataa, na hilo lilimuuma kuliko samaki. Akatoka, akaketi uani kwenye ndoo iliyogeuzwa, akiyatazama matangi yake. Walipomwita kula akainuka. Akaingia, akaketi kwenye kiti chake, na shemeji akamsogezea pande kubwa la nyama.