Mpima Macho Aliyekariri Ubao

Saa mbili asubuhi, chumba cha kupimia macho kinanuka spiriti na benchi la nje halina nafasi. Mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, koti jeupe limempwaya mabegani, anamvalisha mzee mmoja fremu nzito ya chuma. Anachomeka lenzi, anaitoa, anachomeka nyingine.

"Baba, ipi afadhali? Ya kwanza au ya pili?"

"Zote nzuri, mwanangu," anajibu mzee kwa adabu.

"Sijauliza nzuri, baba. Nimeuliza afadhali."

Mzee anacheka, anaukodolea macho ukuta upya. "Basi ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa balaa."

Katika kituo hiki cha afya wanamwita Mama Lenzi. Kwa miaka ishirini na miwili amewauliza hivyo watu wapatao thelathini kila siku, na ana maelezo yake. "Ukimwuliza mtu ipi nzuri, anakuonea haya, anakusifia. Ukisema afadhali, hata kama zote mbovu atakuchagulia yenye ubovu kidogo. Neno hilo halimlazimishi mtu kufurahi."

Anayasema hayo huku akifuta lenzi, kisha anaongeza jambo linalomfanya mwandishi wa makala haya aache kuandika. "Mimi hapa jicho la kushoto halioni. Na sikujua."

Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Mpima macho hakujua kwamba jicho lake limekufa.

Kila Januari wafanyakazi wa kituo hupimwa. Mama Lenzi alikuwa akijipima mwenyewe, haraka haraka, wagonjwa wakigonga mlango. Anaziba jicho moja, anasoma ubao wa herufi hadi mstari wa mwisho. Anaziba la pili, anasoma tena, kisha anajaza fomu kuwa macho yote mazima. Ubao ulikuwa uleule tangu aajiriwe.

Mwaka jana kituo kilipata skrini inayobadilisha maandishi kwa rimoti. Daktari wa macho, binti aliyemaliza mafunzo juzi juzi tu, akataka kuijaribu kwa Mama Lenzi. Skrini ilianza na herufi zilezile za ubao wa zamani. Daktari akamziba jicho la kulia, akabonyeza rimoti, herufi zikaondoka na mahali pake zikaja tarakimu.

Mama Lenzi akaanza kusoma. Alisoma herufi zote za ubao wa zamani, mstari kwa mstari, bila kukwama.

"Nilidhani ananitania," anasema daktari. "Nikamwuliza, mama, unasoma nini? Akaniambia, si hizo hapo!"

Mama Lenzi anainamisha kichwa. "Niliona ukungu, nikasema ni uchovu. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Sikumdanganya mtu, haki ya Mungu."

Daktari akachukua sanduku la lenzi, akamwuliza ipi afadhali. Hapo hapakuwa na cha kukariri. Ya kwanza, ya pili, mpaka ya saba. Zote zilikuwa ukungu uleule. Mama Lenzi akavua fremu, akalia kwa sauti mpaka watu wa kwenye benchi wakasimama.

Ilikuwa presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona polepole, bila maumivu. Kilichopotea hakirudi. Jicho la kulia nalo limeguswa, ila dawa ya matone, asubuhi na jioni, inalishikilia. Mashine ya kupima presha hiyo iko hatua tatu kutoka kwenye kiti chake. "Kidevu cha kila mtu nimekiweka pale," anasema. "Changu, hata siku moja."

Ugonjwa huu huandama ndugu wa damu. Mdogo wake wa kike amepimwa, yuko salama. Amebaki wa kiume, dereva wa basi la masafa marefu, abiria sitini kila safari. Ameahidi kuja mara tatu, na mara zote tatu amepiga chenga.

Mama Lenzi anampigia hapo hapo, simu ikiwa kwenye spika.

"Dada, mimi naona kuliko wewe," sauti inacheka.

"Hata mimi nilijiona hivyo. Njoo Jumamosi."

Kicheko kinakatika. "Wakinikuta nao, leseni inakwenda. Watoto watakula nini?"

"Na hao sitini unaowabeba, hawana watoto?"

"Haya, dada. Nitakuja."

Asipotokea, mpango uko tayari: atamfuata stendi, akae chini mbele ya gurudumu, basi lisiondoke. Anaapa, na hacheki.

Na akija, atampima yeye mwenyewe?

Mama Lenzi anatikisa kichwa. "Ampime daktari. Mimi nitakaa nje, kwenye benchi, na wagonjwa wengine. La kwangu niliambiwa, nikalia, nikanyamaza. Lakini mdogo wangu nimembeba mgongoni. Siwezi kuwa mimi wa kumshusha kwenye lile basi."