Mtu si Mzigo: Mvuta Mkokoteni Anayefundisha Mabaharia Kaloleni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Javan Wafula anafagia meli. Meli yenyewe imechorwa kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi wa Kaloleni, Nairobi. Omo, yaani mbele yake, imeelekea mlangoni, tezi, nyuma yake, iko chini ya jukwaa, na katikati pana nafasi ya watoto tisa kusimama bila kugusana mabega. Anafagia taratibu asije akafuta mistari.

"Hapo umeingia majini," anamwambia mgeni aliyekanyaga nje ya chaki. Mgeni anaruka ndani upesi, na mzee anacheka mpaka ufagio unamponyoka.

Kicheko hicho ni cha mtu mwenye wasiwasi. Leo ni Jumamosi ya mtihani, na mkaguzi kutoka Mombasa anatarajiwa saa tatu. Watoto hawa, kadeti chipukizi wa bahari, walianguka mwaka jana. Wakianguka tena, kikosi chao kitafutwa. Ndivyo kanuni inavyosema.

Wafula, 57, huvuta mkokoteni katika soko la Gikomba. Siku njema hupata shilingi mia tisa kwa kubeba marobota ya mitumba. Zamani alikuwa baharia wa jeshi la wanamaji kwa miaka tisa, akaacha kazi mkewe alipougua, akarudi Nairobi kumuuguza. Mke alipona, alhamdulillahi, lakini kazi haikurudi. Sokoni wanamwita Admiro, yaani mkuu wa wanamaji, na wapo wanaompigia saluti ya mzaha akipita na mzigo.

"Wacha wacheke," anasema. "Jumamosi niko hapa na mabaharia wangu."

Anayowafundisha si mambo makubwa. Wajue omo na tezi. Wajue kwamba usiku chombo huwasha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Shati liwe jeupe na limepigwa pasi, kucha ziwe fupi, viatu ving'ae hata kama vimevaliwa na kaka wawili kabla yako. Ukiitwa jina, uitike kwa sauti. Halafu kuna fundo la kuokolea mtu.

Fundo hilo ndilo lililowaponza. Ni kitanzi anachovishwa mtu aliye majini, kikapita chini ya makwapa, akavutwa. Hakijikazi kikambana, wala hakifunguki. Mwaka jana mkaguzi, Bi. Qamar Siyad, alivuta mkia wa kamba ya mtoto wa kwanza, fundo likafunguka. La pili likafunguka. Yakafunguka yote kumi na mawili.

"Aliniambia, watoto kumi na wawili hawakosei kosa moja kwa namna moja," Wafula anakumbuka. "Akasema, hili wamefundishwa."

Mzee alinuna wiki nzima. Aliyemfumbua macho ni Leyla Abdiqadir, 14, binti wa muuza nguo ambaye marobota yake huvutwa na Wafula. Siku moja Leyla alikuwa dukani kwa babake, akimtazama mwalimu wake akifunga mzigo.

"Nikamwambia, 'Mwalimu, usikasirike, lakini ile fundo unatufunza ni hii ya mkokoteni,'" Leyla anasimulia. "Akaacha kufunga, akaangalia mikono yake. Nikadhani nimekosa adabu."

Hakuwa amekosa. Gikomba, hatua ya mwisho ya fundo hupitishwa kamba iliyokunjwa badala ya ncha yake, ili mvua ikianza uvute mara moja tu na mzigo wote uachie. Kwa sokoni ni ufundi mzuri sana. Kwa miaka kumi na tisa mikono ya Wafula ilifunga hivyo asubuhi hadi jioni, ikasahau namna ya melini, na mwenyewe hakuwa na habari. Mdomo wake ulikuwa ukisema "pitisha ncha," mikono ikikunja. Watoto wakafuata mikono. Jamani, mtoto hufuata nini kingine?

"Nililia, sitakuficha," anasema. "Sikulilia mtihani. Niliwaza, je, angekuwa mtu kweli? Mmoja wao yuko majini, wenzake wanamvuta kwa fundo langu."

Alitaka kuacha. Wazazi wa watoto watatu waliwatoa, naye hakuwalaumu. Tisa waliobaki walimkatalia katakata. Wakakubaliana kwamba mwalimu atafundisha kwa mdomo, mikono ikae nyuma kama askari aliyeamriwa mguu pande, na Leyla ndiye atakayefunga mbele ya wenzake. Tangu Januari mikono hiyo haijagusa kamba ndani ya ukumbi huu. Kila mtoto anapofika hatua ya mwisho, mzee humkumbusha maneno yaleyale: "Mtu si mzigo."

Saa tatu kasoro dakika tano, Bi. Qamar anaingia.

"Mguu sawa!" Leyla anaamuru. Visigino vinagonga sakafu kwa pamoja. Mkaguzi anapita akitazama kola na kucha. Anauliza habari za taa, anajibiwa. Kisha anagawa kamba, na kila mtoto anajizungushia yake kifuani.

Leyla anamaliza wa kwanza. Bi. Qamar anashika mkia wa kamba, anauvuta kwa nguvu, na fundo halitikisiki. La pili limeshika. La tano nalo limeshika.

Wa mwisho ni Owen, 12, ambaye baba yake pia huvuta mkokoteni Gikomba. Anafika hatua ya mwisho, na kidole gumba kinaanza kuikunja kamba. Kila mtu ameona. Mwalimu haruhusiwi kutamka neno wakati wa mtihani. Amefumba macho, na mikono yake huko nyuma imeshikana kana kwamba mmoja unauzuia mwingine usitoroke.

Owen anatulia. Midomo yake inacheza bila sauti, maneno matatu. Anaikunjua kamba, anapitisha ncha.

Bi. Qamar anavuta. Anavuta tena kwa mikono miwili, hadi Owen mwenyewe anaburutwa hatua mbili juu ya meli ya chaki. Fundo limeshika.

"Wote tisa wamefaulu," mkaguzi anasema, na ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Owen analia. Mwalimu tayari yuko nje, ameuelekeza uso wake ukutani.

Baadaye, wakinywa chai kwa mandazi, Wafula anaeleza mpango wake. Hakuna hata mmoja kati ya hawa tisa aliyewahi kuiona bahari, na Desemba anataka kuwapeleka Mombasa. Nauli hana bado. Ana jambo jingine moja tu analolitamani.

"Niingie majini mimi mwenyewe," anasema. "Wanivishe kile kitanzi, wanivute wanitoe. Wakinitoa, nitajua nimefundisha."

"Na fundo atafunga nani?" Leyla anauliza, mdomo umejaa mandazi.

"Wewe," mzee anajibu papo hapo. "Kwani mimi ni mzigo?"