Ijumaa za Faraji Barafuni

Katika Doha yote, mji ambao mwezi wa saba maji ya bomba yanatoka yamekwisha kuchemka, bingwa wa barafu alitoka Muheza. Bisheni! Jina lake Faraji, dereva wa hoteli kule The Pearl, mwenye kitambi cha heshima na mdomo usio na breki. Nyumbani, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mkewe Halima alishazoea kuikata nusu kila habari aliyoletewa. Faraji akisema samaki, Halima anajua ni dagaa.

Mchezo wake unaitwa kalingi. Unasukuma jiwe zito lenye mkono kama wa birika, linateleza kwenye barafu kuelekea duara, na wenzako wanakimbia mbele yake wakisugua kwa brashi ili lifike mbali. Lililo karibu na kitovu ndilo lenye pointi. Brashi yako ikigusa jiwe, unajisema mwenyewe, halafu kapteni wa upande wa pili anaamua libaki au litolewe.

Kila Ijumaa Faraji alikwenda kucheza kwenye ukumbi wa barafu ndani ya duka kubwa, akarudi na hadithi za ushindi. Kombe, hakuna! Mwaka 2016 Halima akachoka.

"Baba Zuhura, fainali hii nakuja mwenyewe. Usiposhinda, mchezo basi. Ijumaa zote ni zangu."

Siku ikafika. Kapteni wa wapinzani alikuwa Nasimiyu, mlinzi kutoka Bungoma, naye hana adabu hata kidogo.

"Mzee wa Muheza, leo utanyolewa bila maji!"

"Utanyoa nini, mwanangu? Kipara hiki!"

Jiwe la mwisho akalisukuma Mussa, mwenzake Faraji. Faraji akasugua mpaka kitambi kikacheza ngoma. Jiwe likatua kitovuni, tii! Mussa akaruka, na Halima kule juu kwa watazamaji akapiga kigelegele.

Faraji hakuruka. Brashi ilikuwa imelipapasa lile jiwe, kidogo tu, kama nzi anavyotua. Akaangaza huku na huku. Hakuna aliyeona. Akamwona Halima anavyocheka, akaziona Ijumaa zake zinavyomponyoka.

Akainua mkono. "Nimeligusa."

"Aki mzee, si ungenyamaza tu?" Nasimiyu akamhurumia. Kisha akalitoa jiwe, maana huruma ni huruma na kombe ni kombe.

Desturi ya mchezo huo, mshindi humnywesha chai aliyeshindwa. Basi wakakaa mbele ya karaki, chai ya maziwa na iliki, aliyonunua Nasimiyu, Faraji kainama kama kuku aliyenyeshewa.

"Nani alikuona?" Halima akauliza.

"Hakuna."

"Hata Mussa?"

"Hata Mussa."

Halima akakoroga chai yake isiyohitaji kukorogwa. "Miaka yote natafuta mahali mume wangu anaposema kweli. Kumbe ni huku kwenye baridi! Nenda, Baba Zuhura. Nenda kila Ijumaa, na mimi nitanunua koti."

Mwaka uliofuata Faraji akalibeba kombe, na 2018 akalibeba tena. Halima hakosi. Kila jiwe likitua, anasimama na koti lake: "Baba Zuhura, umeligusa?" Na ukumbi mzima unanyamaza, Nasimiyu akiwa wa kwanza, kusubiri jibu.