Nyuzi Alizozigusa Nasieku

Ipo siku moja pale Korogwe, mwanangu, ambayo hunijia nikiwa peke yangu shambani. Ni siku bendi yetu ya wazee iliporekodi albamu mpya, wakati watu walishatuona tumekwisha.

Kwanza nikurudishe ujanani kidogo. Mimi nilipiga dramu, Mhina aliimba, Omari alipiga gitaa la solo. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wa mkonge walijaa ukumbini wakisubiri wimbo mmoja, ule Mhina aliomtungia mkewe kabla posa yake haijakubaliwa. Una mahali sauti inapanda juu kabisa. Basi Omari, kwa ukorofi wake, alizikaza nyuzi kidogo kabla ya wimbo huo, na mpiga besi akamfuata, ili muziki wote upande juu na Mhina alazimike kupanda nao zaidi. Mhina alimtukana, kisha akapanda, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Mimi nilidhani Omari anamkomoa mwenzake.

Omari alifariki, Mungu amrehemu. Gitaa lilikosa mtu mpaka tulipompata Nasieku, binti wa wafugaji wa Handeni aliyejifunzia kwenye kwaya ya kanisani. Wazee wa kofia na binti wa kwaya! Watu walitucheka sana. Lakini alipopiga mara ya kwanza tulisogeza viti karibu naye. Hakumwiga Omari. Alipiga vyake, taratibu, nami nikanogewa mpaka nikasahau kuingia na dramu. Wewe cheka tu.

Siku ya kurekodi ulibaki ule wimbo wa mkewe Mhina. Alikuwa ameapa kwamba asipouimba mwenyewe, albamu haitoki. Tukaanza. Kufika pale juu, sauti ikakatika. Tukarudia, ikakatika tena.

Kijana wa studio akasema, "Mzee, usijali. Hapo nitakuweka sawa kwa kompyuta."

Mhina akachukua kofia yake. "Basi na wimbo uimbwe na hiyo kompyuta."

Roho iliniuma. Nilijua akitoka pale harudi, na bendi imekufa.

Nasieku akainuka. "Wazee wangu, samahani, gitaa langu halijakaa vizuri. Naomba mpate chai kwanza, nilitengeneze."

Tukanywa chai. Yeye akajikunyata pembeni na gitaa lake, akamnong'oneza mpiga besi jambo. Tuliporudi tukaanza upya. Mhina akafumba macho, akapanda, akafika! Sauti ilikuwa ya mzee, ina mikwaruzo, lakini ilifika, na mimi nilipiga dramu huku machozi yananitoka. Ndiyo, nililia.

Wimbo ulipokwisha Mhina akamgeukia yule binti. "Mwanangu, zile nyuzi ulizikaza?"

Nasieku akainamisha kichwa. "Nilizilegeza kidogo, mzee. Unisamehe."

Tukajua sasa imeharibika. Lakini Mhina akacheka kile kicheko chake cha ujana. "Omari alikuwa anazikaza ili nipande. Wewe umezilegeza ili nifike. Wote wawili mmenipenda."

Ndipo nilipomwelewa Omari, uzeeni, na kaburi lake limeshaota majani. Siku hizi albamu ile naisikia kwenye bodaboda, toka Kwaluguru hadi Mpale, na wanaoipiga ni vijana waliokuwa wakitucheka.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimkuta mkubwa wako anaanza kushindwa na kazi aliyoiweza, usimsahihishe mbele za watu, wala usikimbilie kukaa mahali pake. Tazama kilicho mkononi mwako, ukisogeze kidogo upande wake, na usijitangaze. Akikuuliza, sema kweli kama Nasieku alivyosema. Na mwenzako mwenye nguvu mkazie nyuzi, hata akikutukana.

Mungu akupe mikono myepesi na sikio la kusikia mwenzako alipofika. Na siku sauti yako itakapopungua, maana itapungua tu, akuletee mtu wa kukuambia, "Mzee, kunywa chai kwanza."