Jumapili ya Kuchemsha Mayai Ziwani

Binti yetu alipotimiza miaka minne, nyumba nzima ilishikwa na homa ya kutoka. Juma zima mimi na mume wangu tulikuwa maofisini, yeye yuko chekechea, lakini ikifika Jumapili na misa ya kwanza imeisha, unamkuta amesimama mlangoni kwetu Nengo, ameshavaa buti zake nyekundu za mvua, mvua iwepo isiwepo, anauliza, "Leo tunaenda wapi?"

Na kweli tulikwenda. Tulikwenda kwenye vilima vya chai, akakimbia katikati ya mistari ya michai mpaka ikabaki ncha ya kofia tu, inachomoza hapa, inazama, inachomoza kule, na baba yake anamfukuza huku akihema. Tulikwenda Cyanzarwe kwa binamu ya mume wangu, siku ya kuvuna viazi. Mtoto aliingiza mikono udongoni hadi kwenye viwiko, na kila kiazi alichokitoa alikipigia kelele kana kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kukiona. Alikataa kuviweka kwenye gunia pamoja na vya wenzake. Alivibeba ndani ya gauni lake mpaka nyumbani, na usiku nikavikuta viwili chini ya mto wake.

Mama mkwe wangu, tunayeishi naye, hakuwa akitoka nasi. Mimi nimekulia Tanzania, kwa hiyo nilitaka mtoto amwite bibi. Mume wangu, aliyekulia Congo, alicheka mpaka machozi, kwa sababu kwao bibi ni mke. Tukaafikiana juu ya Nyogokuru, kwa Kinyarwanda, na mambo yakaisha. Basi huyo Nyogokuru kila tukimwalika alijibu, "Muende tu, mi nitabaki na nyumba," utafikiri nyumba ingetoroka. Hata mara chache tulizoshuka naye ufukweni mjini, alikaa mbali chini ya miti, ameligeuzia ziwa mgongo, anatazama barabara. Sisi tulishaamua moyoni kwamba anaogopa maji. Hatukuona ajabu, mimi mwenyewe nayaogopa.

Kilichomtoa ni magoti. Jirani alimwambia kwamba yale maji ya moto ya Nyamyumba, yanayobubujika pale pale ukingoni mwa ziwa, yanalainisha viungo. Jumamosi jioni akatangaza, "Kesho mi nitaenda na ninyi." Binti yetu aliruka juu ya kiti. Kisha akasikia kwamba maji yale huivisha mayai bila jiko, na hapo hata kulala kukawa shida.

Asubuhi ile alibeba mayai yeye mwenyewe, ndani ya kikapu kidogo, na hakutaka mtu ayaguse. Ndani ya teksi alikaa amekipakata kikapu kama mtoto mchanga, na kila tulipopita kwenye shimo alimkemea dereva, "Polepole, mayai iko hapa!" Dereva akaomba msamaha kila mara, kwa heshima zote.

Tulipofika, mvuke ulikuwa unapanda kati ya mawe. Watu walikaa wamezamisha miguu, wengine wamelala chali wanakandwa migongo kwa maji ya moto na majani. Mtoto alisimama, akatazama chini ya mawe, akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Papa, moto uko wapi?"

"Moto iko chini, chini kabisa, ndani ya udongo," baba yake akamjibu.

"Nani aliuwasha?"

Mume wangu alinitazama mimi, mimi nikamtazama mama yake. Mama mkwe akasema, "Mungu, kwa sababu alijua utaleta mayai." Jibu hilo lilimtosha kabisa.

Tuliyatia mayai kwenye wavu wa vitunguu, tukaufunga kwenye kijiti, na mume wangu akauteremsha pale panapotokota. Mtoto alichuchumaa mbali kidogo, nimemshika ukosi, anauliza kila baada ya pumzi mbili kama yameiva. Yalipotolewa na kumenywa, kiini kimeshikana sawasawa, alilia "Eh! Eh! Eh!" na kumgawia kila aliyekuwa karibu, hata mzee mmoja aliyekuwa amelala usingizi wake. Sijawahi kula yai tamu kama lile, nalo lilikuwa na chumvi na mchanga kwa pamoja.

Baada ya kula, baba na binti walisogea ufukweni, upande maji yalipo baridi, wakacheza mpira. Ulikuwa mpira wa plastiki wa njano, mwepesi, wa kupuliza. Upepo wa bara ukauinua, ukautupa ziwani. Mume wangu aliingia haraka akidhani atauwahi, lakini mpira ulikuwa unateleza juu ya maji kama una safari yake. Maji yalimfika kifuani akasimama. Yeye pia hajui kuogelea. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa mbali, imetia nanga upande wa Rubona, na wenyewe wamelala.

"Rudi!" binti yetu aliupigia kelele mpira. "Garuka! Rudi hapa!" Hakulia. Aliufokea kama mtu anayemfokea mbuzi.

Nilihisi kitu kimewekwa mikononi mwangu. Ilikuwa rozari ya mama mkwe, juu yake kitambaa chake cha kichwa, na juu ya kitambaa, kitenge chake cha nje kimekunjwa vizuri.

"Unishikie," alisema.

"Mama, unaenda wapi?" mume wangu alipaza sauti kutoka majini. "Mama! Maji iko mingi!"

"Kwani mi niko kipofu?" akajibu, na huyo akaingia. Maji ya magoti, maji ya kiuno, halafu akajitupa mbele, na mwanamke yule ambaye asubuhi nilimshika mkono ashuke kwenye teksi akawa anakata maji kwa mikono mirefu, taratibu, kichwa kikigeuka upande kuvuta pumzi, bila kurusha hata tone. Watu walisimama juu ya mawe. Mtu akapiga makofi, kisha wote, na binti yetu akarukaruka na buti zake majini akipiga kelele, "Nyogokuru! Nyogokuru!" mpaka sauti ikakauka.

Aliufikia mpira, akageuka, akarudi akiusukuma mbele kwa paji la uso. Aliposimama kwenye maji ya kina kifupi alikuwa anacheka, nywele zake nyeupe zimelowa, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyofanana na mtoto wangu.

"Mama, ulijifunzia wapi?" mume wangu aliuliza. Alikuwa bado hajatoka majini.

"Mi nilizaliwa kule kisiwani, upande wa Congo. Shule ilikuwa ng'ambo ya maji. Tulikuwa tunafunga nguo juu ya kichwa, tunaogelea, tunavaa, tunaingia darasani." Akakamua ncha ya gauni. "Kisha nikaolewa kule milimani kwa baba yako, na kule hakuna ziwa."

"Sasa mbona hapa mjini unaligeuzia ziwa mgongo?" nilimuuliza.

"Binti yangu, kama ninayaona, mwili inataka kuingia. Na mutu muzee ataingia namna gani, watu wote wanaangalia?"

Watu wote walikuwa wanaangalia wakati ule ule, wamefurahi, na mzee aliyepewa yai alikuwa anamwomba arudie.

Binti yetu hakuwa na muda wa maelezo. Ameshavua buti. "Na mimi! Na mimi, sasa hivi!" Mama mkwe akamlaza kifudifudi juu ya kiganja chake, akamwambia apige miguu. Alipiga miguu, akameza ziwa, akakohoa, akacheka, akadai tena. Nikajikuta nimekunja sketi, nimeingia mpaka kiunoni, nashangilia. Mara moja tu, kitambo kifupi, kiganja kikashuka na mtoto akabaki juu ya maji peke yake. Tulipiga kelele sote kwa pamoja, naye kwa kushtuka akazama, akanyakuliwa, akatokea anapepesa macho.

"Mama uliniona? Uliniona?"

Nilimwona. Sasa tunakwenda kila Jumapili isiyo na mvua, na mama mkwe ana wanafunzi watatu. Binti yetu anaelea kama jani. Mimi nafika hatua kadhaa kisha natafuta ardhi. Mume wangu bado anazama, na mwalimu wake amemkabidhi kwa mtoto, ambaye anamsimamia kando ya maji, mikono kiunoni, akimwamuru, "Papa, usiogope. Piga miguu!"